Usiirudishe hiyo pampu dukani kwanza

Ndugu yangu, umesema umefunga pampu mpya ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kuinua mkono wa ndoo, kwenye loda la zamani, injini inawaka, livha hujazigusa, na geji ya presha inasoma bar 15 tu. Fundi wako ameshaamua pampu ni mbovu. Hapana. Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha huzaliwa pale oili inapozuiwa. Kwenye mashine kama hiyo, livha zikiwa katikati, oili inazunguka na kurudi tangini bila kipingamizi. Geji itasoma nini? Jaza ndoo, pandisha mkono, utaiona sindano inapanda.

Mimi somo hili lilinigharimu Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mashamba ya chumvi. Kule chuma hakidumu, viungo vya chuma vya mipira ya oili huliwa na kutu kila mara. Mpira wa inchi moja unaokwenda kwenye silinda inayoinua mkono ulipasuka, tukapata wa nusu inchi, tukaufunga hivyo hivyo kwa sababu kazi ilikuwa inangoja. Mkono ukawa unapanda kwa kujikokota. Baada ya saa moja tangi halishikiki kwa moto. Tukaupandisha mkono hadi ukagota, tukasoma geji: bar 180, kama siku zote. Basi tukailaumu silinda, tukaifungua, tukabadilisha sili. Siku mbili zikaenda bure.

Kosa letu lilikuwa kupima oili ikiwa imesimama. Oili isipotembea, mpira mwembamba haupunguzi presha hata kidogo. Huku na huku geji zinasoma sawa. Ikitembea ndipo wembamba unapokula, na unakula vibaya. Upana wa ndani ukipungua nusu, kwa oili ileile na mwendo uleule wa lita kwa dakika, hasara ya presha inafika mara 16, na hiyo ni pale oili inapokwenda kwa utulivu. Ikivurugika inazidi. Presha hiyo yote inageuka joto: lita 60 kwa dakika zikipoteza bar 30 njiani ni kilowati 3 za kuchemsha oili yako.

Kwa hiyo tafuta geji mbili, moja karibu na pampu, nyingine karibu na silinda, uzisome mkono ukiwa unapanda na mzigo. Oili iwe imeshapata moto, maana ikiwa baridi ni nzito na itakudanganya. Tofauti ikiwa kubwa, kizuizi kiko baina ya geji hizo: mpira uliobanwa, kiungo chembamba, valvu iliyokwama. Na tafadhali usitafute pa kuvujia kwa kiganja, oili ya presha hupenya ngozi. Geji zote mbili zikibaki chini na ndoo imejaa, angalia valvu ya usalama, ile inayoachia oili presha ikizidi, kwanza, halafu ndiyo pampu.