Pia ya goti la mbwa mdogo inapochomoka

SWALI: Mbwa wangu mdogo akikimbia hukunja mguu wa nyuma ghafla, huruka hatua mbili tatu kwa mguu mmoja, kisha hutembea sawa. Daktari wa mifugo anasema pia ya goti inachomoka. Lazima apasuliwe?

JIBU: Si lazima, inategemea daraja. Daraja la 1, pia hutoka ikisukumwa kwa kidole na kurudi yenyewe. La 2, hutoka na kurudi mbwa anapotembea, na dalili ulizoeleza zinafanana na hili. La 3, iko nje karibu muda wote ila husukumika kurudi. La 4, hairudi kabisa.

Daraja la 1, na la 2 lisilo na maumivu, tunza bila kisu. Kwanza punguza uzito: mbavu zipapasike kwa urahisi. Mtembeze kwa kamba kila siku ili misuli ya paja ikaze, na uzuie kuruka kutoka kwenye viti. Tafadhali usimpe ibuprofeni wala paracetamoli ya binadamu, zinaweza kumuua.

Akichechemea mara kwa mara, au akifika daraja la 3, upasuaji usicheleweshwe, kwani gegedu, utando laini unaofunika mifupa ndani ya goti, husagika. Daktari huchimba zaidi mfereji wa mfupa wa paja ambamo pia huteleza, kisha hukata kinundu cha mfupa wa muundi kinachoshika kano ya pia na kukihamishia mahali panaponyoosha mvuto, akikikaza kwa pini. Kuchimba mfereji pekee mara nyingi hakutoshi: kano ikivuta upande, pia hutoka tena. Baadaye apumzishwe wiki 6 hadi 8. Wengi huharibu hapa, kwa kumwachia akimbie mapema na pini kung'oka.