Paka Akijikuna Kupita Kiasi: Tazama Kwanza Kabla ya Kukimbilia Dawa

Mkune paka wako pale mgongo unapoishia na mkia kuanza. Wengi watainua makalio na kukanyagakanyaga kwa miguu ya mbele, na wengine watalamba hewa kama waliowekewa maziwa. Majirani wangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, wakimwona paka wangu Chausiku akifanya hivyo husema ana mapepo. Hana. Sehemu ile ni nyepesi sana kuhisi, na mwili huitikia mguso kabla paka mwenyewe hajaamua lolote.

Mimi hupima kwa swali moja: je, anafanya hivyo hata asipoguswa? Paka anayekatiza usingizi kujing'ata kiunoni, anayepukutika manyoya mgongoni na mapajani, au mwenye vigaga vidogo ambavyo vidole huvihisi kabla ya macho kuviona, huyo anawashwa. Mshuku kiroboto kwanza.

Usiniambie hujaona kiroboto hata mmoja. Ulimi wa paka una miiba midogo, naye akijilamba huwameza. Mchane kwa chanuo lenye meno yaliyobanana, kisha ukung'ute kinachotoka juu ya tishu nyeupe iliyoloweshwa maji. Punje nyeusi zikiacha rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kuyeyushwa. Kuna paka ambao miili yao haivumilii mate ya kiroboto. Hao wakiumwa mara chache tu hujikuna kwa siku nyingi.

Tena hapa Nairobi hatuna baridi ya kuwaua viroboto, hata Julai tunapovaa sweta mbili. Wengi wao hawakai juu ya paka: mayai hudondoka kwenye zulia, chini ya kochi na kwenye nyufa za sakafu. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko chake anaweza kungoja miezi, kisha joto na mtikisiko wa hatua za mtu humwamsha. Ndiyo maana unahamia nyumba iliyokaa tupu, na jioni hiyohiyo miguu inaliwa. Kwa hiyo fua matandiko ya paka kwa maji moto, anika juani, na ufagie pale ambapo kwa kawaida hufagii. Rudia kila wiki.

Sasa kuhusu dawa, na hapa nakuomba usome polepole. Ile ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, usimpake paka, hata tone. Ini lake haliwezi kuivunja. Atatetemeka, atapata degedege na anaweza kufa. Mafuta ya taa ambayo mashangazi zetu wanayasifia ni sumu pia, kwa sababu atayalamba. Ni vivyo hivyo na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe. Kwenye agroveti, taja umri na uzito wa paka, kisha usome mwenyewe kama kifungashio kimeandikwa kuwa ni ya paka. Muuzaji akikwambia "hii ni ya wanyama wote," aga uende.

Masikio ni habari nyingine. Ukisugua tundu la sikio na mguu wa nyuma uanze kupiga hewani, chungulia ndani. Uchafu mweusi unaofanana na unga wa kahawa mara nyingi ni dalili ya utitiri, nao huambukiza paka wengine wa nyumba hiyo. Usichokoe kwa kijiti cha pamba.

Kukwaruza kochi si ugonjwa. Paka hunyoosha misuli, huvua magamba ya kucha zilizozeeka na huacha harufu yake kutoka kwenye tezi za nyayo. Humwachishi, unampa mahali pengine. Kwa Chausiku, fundi alinipa kipande cha mbao kilichobaki, nikakizungushia kamba ya katani na kukipigilia kwenye ubao mpana. Kiwe kirefu kiasi cha paka kujinyoosha wima, na kisiyumbe, kwani kikiyumba mara moja atakisusa. Kiweke kando ya kochi lenyewe, maana ukikificha balkoni atarudi kwenye kochi. Kumng'oa kucha ni kumkata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Uingereza wamepiga marufuku, na mimi naona wamefanya vyema.

Kuna hali moja ya kupeleka kwa daktari bila kungoja: ngozi ya mgongo inapojikunja kama mawimbi, mboni zikatanuka, paka akakurupuka na kuushambulia mkia wake hadi kuujeruhi. Inaweza kuwa ngozi, maumivu ya mgongo au neva, na kwa macho tu huwezi kutofautisha. Irekodi kwa simu inapotokea. Akifika kliniki, iwe ya mtaani au ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, paka huganda kwa woga na haonyeshi chochote, kwa hiyo video hiyo ndiyo daktari ataanzia.