Pua Inayodanganya, Akili Yenye Ukungu: Maswali Baada ya Korona

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe. Nilipougua korona nilipoteza harufu zote. Sasa zinarudi, lakini kitunguu kikikaangwa kinanuka kama mpira unaoungua, kahawa ndiyo sitaki hata kuisogelea. Nimejifukiza wee, wapi! Neva zimekufa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hazijafa. Virusi vya korona hushambulia zaidi seli zinazozilea neva za kunusa, kule juu ndani ya pua, na neva hizo zina uwezo wa kuota upya. Harufu kugeuka uvundo mara nyingi hutokea pale zinapoota kabla hazijajipanga sawasawa.

Kujifukiza acha. Mvuke hauoteshi neva, na sufuria ya maji ya moto imeunguza wengi. Fanya mazoezi ya kunusa, ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009. Yanahitaji harufu nne: karafuu, limau, waridi na mkaratusi. Bahati nzuri, kwenu Pwani karafuu na marashi ya waridi havitafutwi mbali.

Tafuta vichupa vinne vyenye vifuniko. Cha kwanza tia kijiko cha karafuu zilizopondwa, cha pili maganda ya limau, cha tatu pamba yenye marashi ya waridi, cha nne majani ya mkaratusi yaliyofikichwa. Asubuhi na jioni nusa kila kimoja kwa sekunde 20, taratibu, huku ukiikumbuka harufu yake ya zamani. Pumzika nusu dakika kabla ya kingine. Maganda na majani badilisha kila yanapofifia. Wengi hukata tamaa wiki ya pili. Muda wake ni miezi 3 au zaidi.

Kwa sasa kula chakula kilichopoa, kwani cha moto hutoa harufu kali zaidi. Samaki na maziwa ya wateja anuse mtu mwingine. Na gesi, tafadhali sana: ikivuja hutaisikia. Funga mtungi kila umalizapo kupika, na paka maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, kuna uvujaji.

SWALI: Tangu korona, miezi 5 sasa, nasahau hata jina la jirani, usiku silali, moyo unanienda mbio kwa hofu. Nyumbani wanasema nimerogwa. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hujarogwa, ndugu yetu, na wala huko peke yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walipitia mwaka 2021 rekodi za wagonjwa 236,379, wengi wao wa Marekani: takriban 1 kati ya 3 alikutwa na tatizo la neva au akili ndani ya miezi 6, wasiwasi ukiongoza.

Lakini usiisingizie korona kabla ya kupimwa wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na VVU, maana kila kimoja huleta usahaulifu na kina tiba yake. Dawa za usingizi za kuazima, hasa diazepam, huzidisha ukungu. Gawa kazi vipande vifupi na upumzike kabla ya kuchoka. Ukijilazimisha leo, unaweza kulala hoi kesho siku nzima.

Mdomo ukipinda, upande mmoja ukilegea, ukipata degedege, ukisikia sauti zisizokuwepo au ukiwaza kujiua, wakupeleke hospitali saa hiyohiyo.