Maswali ya Wasomaji: Tuwasikilizeje Wabunifu wa Teknolojia za Kesho?

Barua nne za toleo hili zimetoka Mtwara na Lindi, na zote zinahusu mahojiano marefu ya wanasayansi na waanzilishi wa kampuni zinazokusudia kubadili dunia. Vijana wengi huyapakua kwenye simu na kuyasikiliza usiku. Tumezifupisha barua hizo bila kugusa maana yake.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara mjini, nasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Ninasikiliza mahojiano ya watu wanaosema watatupeleka Mars, watatibu magonjwa sugu na watazalisha umeme usiokwisha. Wote wanaongea kwa uhakika uleule. Nitamjuaje anayesema kweli na anayeuza maneno? — Mwanafunzi, Mtwara

Marahaba, mwanangu. Uhakika wa sauti hautakusaidia, na sababu yake si kwamba watu hawa ni waongo. Mwanzilishi wa kampuni changa anapoketi mbele ya kipaza sauti huzungumza na wewe, lakini wakati huohuo anazungumza na wenye fedha ambao hajawashawishi bado, na wahandisi ambao angependa waje kumfanyia kazi. Asipoonyesha imani hawapati. Basi acha kuipima imani yake, uyatenganishe maneno yake: lipi limekwisha kutokea na kupimwa, lipi linatarajiwa, na linatarajiwa lini.

Tumchukue Elon Musk. Septemba 2017, mbele ya wataalamu wa anga waliokutana Adelaide, Australia, alisema analenga kupeleka mizigo Mars mwaka 2022 na watu mwaka 2024. Miaka hiyo imepita na hakuna aliyekwenda. Mtu huyohuyo alikuwa ameahidi roketi inayorudi na kutua wima ili itumike tena, jambo ambalo wengi hawakulisadiki, na Desemba 2015 roketi hiyo ikatua. Aliyeamua kumwamini kwa kila kitu alikosea, na aliyeamua kumpuuza kwa kila kitu alikosea pia. Katika mahojiano ya aina hii tarehe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, nami huichukulia kuwa ni nia tu.

Mahali pa kutega sikio zaidi ni pale mzungumzaji anaposimulia kilichoharibika. Roketi ya kwanza ya SpaceX, kampuni ya Musk, iitwayo Falcon 1, ilirushwa Machi 2006 kutoka kisiwa cha Omelek katika Bahari ya Pasifiki, ikashika moto na kuanguka ndani ya dakika moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati ndogo ya alumini kwenye bomba la mafuta ilikuwa imeliwa na hewa ya chumvi, ikapasuka, mafuta yakavuja. Sisi wa Shangani na Mikindani, tunaojua bahari inavyotafuna kila chuma kinachoelekezwa kwake, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Roketi ya pili nayo haikufika. Ya tatu, Agosti 2008, iliharibika kwa sababu baada ya vipande vyake viwili kuachana, injini ya chini ilibaki na msukumo kidogo, kipande cha chini kikakigonga cha juu. Dawa yake ilikuwa kusubiri sekunde chache zaidi kabla ya kuviachanisha. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo roketi ya nne ilifika kwenye mzingo wa dunia. Mtu anayeweza kukutajia nati na sekunde amekaa na kitu chenyewe, amekishika, kimemshinda, amerudi tena.

Linganisha na Elizabeth Holmes, aliyeanzisha kampuni ya Theranos nchini Marekani mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 19. Aliahidi kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu ya kidoleni, na ilipofika mwaka 2014 kampuni yake ilithaminiwa dola bilioni 9. Alihojiwa mara nyingi na akasifiwa sana, lakini alipoulizwa mashine yake inafanyaje kazi, maelezo yalikuwa ya jumla mno, na mengine yalifichwa kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Mwaka 2015 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba vipimo vingi vilikuwa vikifanywa kwa mashine za kawaida za kampuni nyingine. Januari 2022 mahakama jimboni California ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Siri za biashara zipo na ni halali; lakini kipimo cha damu kinachokataa kulinganishwa na kipimo kingine cha damu hakina udhuru.

Wanasayansi, kwa upande wao, huwa na tatizo la kinyume: husema kwa tahadhari kubwa hata ukubwa wa jambo ukakupita. Mtafiti Katalin Karikó alikuwa akitafiti namna ya kutumia RNA, molekuli inayobeba maagizo ndani ya seli, kama dawa, na mwaka 1995 chuo chake kilimshusha cheo kwa kuwa kazi hiyo haikuwa ikipata fedha. Mwaka 2005, yeye na mwenzake Drew Weissman walichapisha njia ya kubadili kijenzi kimoja cha RNA ili kinga ya mwili isiishambulie. Walioliona andiko hilo kuwa kubwa walikuwa wachache. Chanjo za UVIKO-19 za Pfizer-BioNTech na Moderna zilisimama juu ya kazi hiyo, na mwaka 2023 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo unapomsikia mtafiti asiye na makeke akieleza kwa nini jaribio lake lilikuwa likishindwa na alibadili nini likaacha kushindwa, usiruke mbele. Rudisha nyuma usikilize tena.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Ruangwa. Hapa kwetu kuna madini ya kinywe (grafiti) yanayotafutwa kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Wanafunzi wameniletea mahojiano ya mbunifu wa Marekani anayesema silikoni itachukua nafasi ya kinywe. Je, niwaambie watoto wasiyategemee madini haya? — Mwalimu, Ruangwa

Mwalimu, ahsante kwa swali ambalo limenifurahisha, maana linayavuta mazungumzo ya mbali hadi kwenye ardhi tunayoikanyaga.

Katika betri ya lithiamu, unapoichaji, lithiamu huhamia upande mmoja na kujibanza ndani ya kinywe. Kinywe kimepangwa kwa tabaka nyembamba mno, na lithiamu huingia katikati ya tabaka hizo na kutoka bila kuzivunja. Kinywe hutanuka kwa takribani asilimia 10 tu. Silikoni, kwa uzito uleule, inaweza kubeba lithiamu karibu mara kumi zaidi, na hapo mbunifu huyo amesema kweli tupu. Lakini silikoni ikijaa lithiamu huvimba hadi mara tatu au nne ya ukubwa wake, ikitolewa husinyaa, na baada ya kuchajiwa mara kadhaa hupasukapasuka. Kazi ya watu kama Gene Berdichevsky, aliyekuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme, na kisha mwaka 2011 akashiriki kuanzisha kampuni ya Sila, ni kuitengenezea silikoni nafasi ya kuvimbia bila kuvunjika. Betri zenye silikoni zilizoko sokoni leo nyingi huchanganya silikoni kidogo na kinywe kingi. Mahojiano yanapenda neno «kuondoa». Kiwandani mambo huanza kwa kuchanganya.

Mimi naona shindano kali zaidi liko mahali pengine. Kwanza, kinywe kinaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mafuta ya petroli yanayochomwa kwa joto la karibu nyuzi 3,000, na hiki cha kiwandani kinatumika kwa wingi. Pili, betri za sodiamu hazitumii kinywe kabisa. Tatu, na hili ndilo zito, madini yakitoka ardhini hayafai bado kwa betri: magamba yake lazima yasagwe, yaviringwe kuwa vidonge vidogo vya mviringo, kisha yasafishwe hadi kufikia usafi wa asilimia 99.95, na katika kuviringa pekee sehemu kubwa ya mzigo hupotea. Zaidi ya tisa ya kumi ya kazi hiyo inafanywa China. Gari moja la umeme hubeba makumi ya kilo za kinywe, na sehemu kubwa ya thamani yake huongezwa baada ya mgodi.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiwaambie watoto wasiyategemee. Waambie wasitegemee shimo peke yake. Kemia ya kusafisha, ukinzani wa asidi, namna ya kutibu maji machafu ya kiwanda kabla hayajafika mtoni: hayo ni masomo yatakayowafaa hata kama silikoni au sodiamu itashinda.

Mhariri, mimi ni mkazi wa jirani na Likong'o, Lindi, ambako mradi wa kusindika gesi asilia umepangwa kujengwa. Nimesikia wanasayansi wamefaulu kutengeneza hapahapa duniani nishati kama ile inayowaka ndani ya jua. Gesi yetu itakuwa na kazi tena? — Mkazi, Lindi

Ndiyo, ndugu yangu, itakuwa nayo kwa miaka mingi. Ulichokisikia huenda ni jaribio la tarehe 5 Desemba 2022 katika maabara ya Lawrence Livermore, California, ambako miale ya leza yenye nishati ya megajuli 2.05 iliunganisha viini vya atomi, kama inavyotokea ndani ya jua, na kutoa megajuli 3.15. Hayo ni mafanikio ya kweli na yanastahili kushangiliwa. Hata hivyo, leza zenyewe zilivuta umeme wa takribani megajuli 300 ili kutoa miale hiyo, na hakuna hata taa moja iliyowashwa kwa nishati iliyopatikana. Mradi mkubwa wa kimataifa wa kutafiti nishati hiyo, ITER, kusini mwa Ufaransa, ulitangaza mwaka 2024 kwamba utaanza utafiti wake mwaka 2034. Kampuni ya Helion imeahidi kuiuzia Microsoft umeme wa aina hii kuanzia mwaka 2028. Kuhusu tarehe nimekwisha kusema hapo juu. Na kumbuka kwamba gesi ya Mnazi Bay, ambayo kuichoma hakuhitaji ugunduzi wowote mpya, ilipatikana mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015.

Mwalimu, mbona wanaohojiwa ni wa roketi tu? Wa korosho je? — Mkulima, Newala

Malalamiko yako ni ya haki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijijini kuliacha mashamba mbali, bei ilikatisha tamaa, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukamaliza maua. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, walikaa na ugonjwa huo kwa miaka, wakaijaribu salfa kama dawa yake, wakachagua mikorosho inayostahimili, wakaiotesha upya. Hayo ni makusudio makubwa kama roketi yoyote, kwa kuwa maelfu ya kaya zilirudi shambani kwa sababu yake.

Tutaomba kufanya nao mahojiano marefu. Wakati huohuo, msomaji atakayefika kwenye Nanenane viwanja vya Ngongo, Lindi, aende kwenye banda lao, awaulize ni mbegu ipi iliyowashinda, kwenye udongo upi, na walingoja misimu mingapi kabla ya kuiacha. Atuandikie majibu, nasi tutayachapa kwa urefu wake.