Pampu ya maji kwenye sola ya kufunga mwenyewe: jaza tenki, achana na betri

Ukishafunga sola yako mwenyewe, taa zinawaka, tv inawaka, simu zinachaji, lazima tu siku moja utatamani kuchomeka na pampu. Unachomeka, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) inalia, inazima. Hapo lawama zinaanza, mara inveta feki mara betri zimekufa, kumbe vyote vizima, ni ile mota tu wakati wa kuanza inavuta umeme mara 3 mpaka 7 ya unaotumika ikishachanganya, ni kama gari lililozima, kulisukuma mwanzo ndo kazi. Pampu ya HP 1 ikishatulia inakula kama wati 1,000 hivi, sasa ukiwa na inveta ya 1,500 unaona imebaki nafasi ya kutosha, wapi. Mimi kwa pampu kama hiyo sigusi inveta chini ya 3,000, na iwe inatoa mawimbi safi maana zile za bei rahisi zenye mawimbi ya ngazi ngazi zinachemsha mota.

Ila kwa kweli ushauri wangu sio ununue inveta kubwa. Nimekaa na sola muda wa kutosha na ninachokiamini ni kimoja, usihifadhi umeme wa kupandishia maji, hifadhi maji yenyewe. Chukua pampu ndogo ya DC, yaani inayotumia umeme wa paneli ulivyo bila inveta, ipe paneli zake na kontrola yake (kifaa cha kuiongoza), isipite kwenye betri kabisa, iwe inasukuma taratibu toka saa tatu asubuhi mpaka jua lilegee, tenki liko juu, usiku unafungua bomba maji yanashuka yenyewe.

Wengi wanaogopa pampu ndogo haitatosha. Piga hesabu: kupandisha lita 1,000 mita 10 juu kinadharia ni wati-saa 27 tu! Weka upotevu wa pampu na mabomba, sema 100. Pampu ya wati 150 ikipiga masaa 5 ya jua zuri ni wati-saa 750, yaani lita elfu saba hivi, nyumba gani inamaliza hayo kwa siku? Ukitaka kazi hiyo hiyo ifanywe na betri ya asidi ya volti 12 ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200 na ukitaka idumu unatumia nusu tu, kwahiyo hata haifiki.

Sasa waya, hapa ndo pampu nyingi za volti 12 zinapofia. Tuseme inavuta ampea 20 na kisima kiko mita 15, umetumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa sababu ndo uliokuwepo. Kwenda na kurudi ni mita 30 za shaba, unapoteza volti 4 njiani, pampu inapata 8, inazunguka kivivu maji hayapandi na wewe unaongeza paneli. Paneli hazitasaidia hapo. Nunua waya mnene, au bora zaidi chukua pampu ya volti 48, nguvu ile ile ampea zinashuka mpaka 5 na kwenye waya ule ule unapoteza volti 1 tu.

Na kama maji yako chini zaidi ya mita 7 au 8 usihangaike na pampu ya kuvuta ukiwa juu, haitayavuta hata uipe paneli za kijiji kizima, kinachopandisha maji pale ni mgandamizo wa hewa na una kikomo. Tumbukiza pampu ya kuzama.

Boya la kuzima pampu tenki likijaa weka, kinga ya kisima kukauka weka, fyuzi pia. Ila swichi za kukata umeme upande wa paneli ziwe zimeandikwa DC, usibandue ya ukutani ukaipachika huko, cheche ya DC haizimiki kirahisi, inaendelea kuwaka mpaka swichi inayeyuka.