Mzee akianguka, 15 kati ya 15 isikutoe wasiwasi

Bibi yangu aliteleza uani alfajiri akienda kuchukua udhu, kisogo kikagonga ukingo wa karo. Hakuzimia, hakutapika, kanundu kadogo tu. Tukamkimbiza hospitali, daktari akamuuliza unaitwa nani, hapa ni wapi, nyanyua mikono, bibi kajibu yote bila kusita, tukaambiwa 15 kati ya 15, tukapewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani roho nyeupe.

Hiyo 15 ni ya kipimo cha Glasgow, walikitoa madaktari Teasdale na Jennett mwaka 1974 kupima mtu ana fahamu kiasi gani. Kufumbua macho alama 4, maneno 5, kusogeza viungo 6. Ukiwa na 13 mpaka 15 jeraha linaitwa dogo, 9 mpaka 12 la kati, 8 kushuka chini ni kali. Kipimo kizuri, ila kwa mzee kinaweza kukuficha jambo kubwa, maana ubongo wake umeshasinyaa, pana nafasi kati yake na fuvu, na mishipa inayovuka pale imevutika, ikichanika damu inavuja polepole inajaa ile nafasi na mtu bado anapiga stori na wewe. Kijana kwa damu hiyo hiyo angeshalala chini zamani.

Wiki ya tatu tumekaa barazani, bibi anasuka ukili, kazi anayoifanya tangu hajavunja ungo. Nikaona ukili unakwenda upande. Mkono wa kushoto unaachia miyaa, anaokota, inaponyoka tena, na yeye mwenyewe wala hashtuki. Shangazi akasema uzee huo. Nikakubali, nikanyamaza siku mbili nzima, na hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo. Siku ya tatu akaanza kuburuta mguu.

Siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha damu nyingi upande wa kulia. Wakamtoboa tundu kwenye fuvu wakaitoa, na alhamdulillah mkono ulirudi. Ila daktari wa upasuaji alituuliza swali moja tukabaki tunaangaliana: anatumia dawa yoyote ya kuzuia damu isigande? Bibi anakunywa aspirini ya moyo kila siku jamani! Siku ya kwanza hatukuulizwa, na sisi hatukusema.

Kwa hiyo nenda na dawa zake zote kwenye mfuko, warfarini, aspirini, zote, ziweke mezani hata kama hujaulizwa. Taja na umri, mwongozo wa Kanada wa siti skani ya kichwa unahesabu miaka 65 na kuendelea kuwa hatari kubwa, kwa hiyo kuuliza kuhusu skani sio ubishi. Halafu mweleze daktari mzee wako huwaje siku zote, hili ni lako wewe, yeye hamjui. Bibi tarehe za kizungu hazijui, anahesabu kwa mwandamo, angeulizwa leo tarehe ngapi angekosa akiwa mzima kabisa, na mwenye masikio mazito naye anaweza kuonekana kachanganyikiwa kumbe hajasikia swali.

Mkirudi nyumbani mwangalieni wiki kadhaa, sio siku mbili. Kichwa kisichoacha kuuma, usingizi mwingi, kusahau kulikozidi kwa ghafla, chai inayomwagika mkono ule ule kila siku. Ukiona hivyo mrudishe siku hiyo hiyo, na ukiambiwa ni uzee, waambie wiki tatu zilizopita alikuwa anasuka vizuri.