Blogu yangu ya kuku ina DA ya 4. Ninunue viungo?

SWALI: Nina blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Nikitafuta "ufugaji wa kuku" Google inaniletea magazeti na tovuti kubwa tupu, mimi sionekani hata ukurasa wa tatu. Kuna kijana ameniambia DA yangu (Domain Authority, alama ya nguvu ya tovuti) ni 4, na kwamba kwa shilingi 80,000 ataniwekea viungo (links) 500 kutoka tovuti nyingine ili ipande. Nimpe? – Mfugaji, Singida

JIBU: Usimpe hata senti, ndugu yangu. Hiyo DA si kipimo cha Google. Ni makadirio ya Moz, kampuni ya Marekani inayouza zana za kuchambua tovuti, na Google wamekwisha kusema kwamba hawaitumii. Naletewa kila mara tovuti ambazo DA imepanda vizuri tu, wasomaji ni wale wale. Kweli viungo vina uzito tangu Google inaanzishwa mwaka 1998, ndiyo maana biashara hii haikosi wateja. Lakini tangu 2012 walipoleta Penguin, mfumo wa kupambana na viungo vya hila, wanawaandama wanaovinunua, na siku hizi mfumo wao wa SpamBrain huvitambua na kuvipuuza. Elfu themanini imekwenda.

Neno "ufugaji wa kuku" waachie magazeti. Mtu ambaye kuku wake wanakufa leo haandiki hivyo, wala haandiki "Newcastle", jina la Kizungu la kideri. Anaandika anachokiona bandani: "kuku kupinda shingo", "kuku kuharisha kijani", "dawa ya kideri", au mdondo kama kwao wanauita hivyo. Gazeti lina makala moja ya jumla, magonjwa yamepewa aya mbili. Wewe andika ukurasa mzima wa shingo kupinda: kwamba kideri hakina dawa, kwamba kumchanja kuku aliyekwisha kuambukizwa hakumponyi, kwamba chanjo ya matone ya jichoni hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Weka picha ulizopiga bandani kwako. Kisha fungua Google Search Console, zana ya Google inayokuonyesha watu wanaandika nini hadi tovuti yako itokee, ni bure, utazame maneno ambayo tayari yanakuweka nafasi ya 12 au ya 20. Anza na hayo.

Sisemi mdogo hushinda siku zote. Februari 2024 HouseFresh, tovuti ndogo inayopima mashine za kusafisha hewa, ililalamika hadharani kwamba inapitwa kwenye Google na majarida makubwa yanayosifia mashine bila kuzipima.

Ila madalali wa SEO, yaani kazi ya kupandisha tovuti kwenye Google, wamenichosha. Waliokuwa wanauza viungo sasa wanauza makala 200 kwa siku zilizotungwa na akili mnemba, au majina ya tovuti za zamani zilizokufa, eti zina "nguvu". Vyote viwili Google walivitaja wazi kwenye kanuni zao za Machi 2024, na adhabu inaweza kuwa kufutwa tovuti nzima kwenye matokeo. Mwingine anakuahidi nafasi ya kwanza ndani ya mwezi. Muulize: kwa maneno gani? Wengi watakutajia jina la blogu yako mwenyewe, ambalo hakuna anayeligombea.